NAIROBI NA UDONGO WAKE MWEKUNDU

Mji wa Nairobi umekaa mpakani mwa nchi mbili zisizofanana. Upande wa mashariki ni mbuga tambarare za Athi, zenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Upande wa magharibi nchi huinuka kwa vilima na mabonde kuelekea Kabete, Dagoretti na Ngong. Huko mvua ni nyingi zaidi, na udongo ni mwekundu, wenye kina, upitishao maji vizuri. Atakaye kuifahamu habari ya mji huu na aanze na udongo huo.

Reli ilifika hapo mwishoni mwa Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa. Jina la mahali latoka katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Wahandisi hawakupachagua kwa ajili ya kulima wala kwa afya, kwani palikuwa na kinamasi. Walitaka mahali pa mwisho palipo sawa na penye maji, kabla reli haijaanza kuupanda mlima kuelekea Bonde la Ufa. Mwaka 1902 tauni iliingia katika maduka ya Wahindi, na soko lao likachomwa moto. Hata hivyo mji haukuhamishwa, ulizidi kukua.

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi hiyo ilikuwa pori tupu kabla ya reli. Sivyo. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilizoea kununua chakula kwa Wakikuyu wa Dagoretti na Kabete kabla ya kuvuka Bonde la Ufa. Kwa sababu hiyo Kapteni Lugard alijenga boma Dagoretti mwaka 1890, naye akapatana na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafa Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Leo barabara kuu itokayo Westlands kupitia Kangemi huitwa kwa jina lake.

Baada ya reli, mashamba makubwa yalianza. Mapadre wa Misheni ya St. Austin, karibu na mtaa uitwao sasa Lavington, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda kahawa karibu na Nairobi. Mwaka 1907 palianzishwa bustani ya miti, Arboretum, ili kujaribu miti ikuayo upesi kwa kuni za garimoshi. Huko Kabete serikali ilijenga maabara ya kuchunguza magonjwa ya ng'ombe. Lakini si kila shamba lilistawi. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, alilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, mahali palipo juu mno na penye baridi kwa zao hilo. Mwaka 1931 shamba likauzwa, na ardhi ikakatwa viwanja vya nyumba. Mtaa huo ndio Karen.

Ardhi nyingi ya Wakikuyu ilichukuliwa ikapewa walowezi, na wenyeji wakabaki katika eneo la akiba lililozidi kubana. Tena hawakuruhusiwa kupanda kahawa. Walowezi walidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa. Vilevile walihofu kukosa vibarua. Mlango ulifunguliwa sana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya ardhi vilipounganishwa na wenye mashamba kupewa hati. Hata makazi ya mji yalifuata mgawanyo huo: Wazungu walijenga juu ya udongo mwekundu wa magharibi, na Waafrika wakapangiwa mitaa ya mashariki kama Pumwani na Kaloleni.

Mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu karibu 119,000. Mwaka 1950 ilipewa hadhi ya jiji, na mwaka 1963 mipaka yake ikapanuliwa hata ikaingiza Dagoretti na Karen. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya milioni 4. Westlands, ambayo zamani ilikuwa mtaa wa nyumba zenye bustani na maduka machache, sasa ina maghorofa ya ofisi na mahoteli, na tangu mwaka 2022 barabara ya juu kutoka Mlolongo huishia huko. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha kilimo na utabibu wa wanyama Kabete. Mitaani Kangemi na Kawangware pana shule, zahanati na masoko, na matatu huenda na kurudi mjini mchana kutwa.

Faida hizo zina gharama yake. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kila mmoja hubaki na kipande kidogo. Hapo mwenyewe huanza kufikiri: je, apande sukuma wiki na kufuga ng'ombe mmoja bandani, au ajenge vyumba vya kupangisha? Kodi huja kila mwezi, wala haingoji mvua. Ndiyo maana vyumba vimeenea. Nao Mto Nairobi, unaoanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya makazi hayo na kupokea taka zake, huku wakulima wa chini wakiutumia kumwagilia mboga ziliwazo na jiji hilohilo.

Hakuna awezaye kumlaumu mtu ajengaye ili awasomeshe watoto. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari hilo, pamoja na kodi ya vyumba, na iandikwe bei ya maziwa, mboga na viazi ambavyo jamaa watanunua sokoni miaka yote ijayo. Na mtu asome hesabu zote mbili pamoja na mkewe na wanawe kabla ya kumwita fundi. Chumba huweza kubomolewa, bali udongo uliokwisha kufunikwa kwa mawe na saruji haurudi upesi kuwa shamba.