Sauti ya Mary

Katika kozi ya sarufi tunajizoeza kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, kana kwamba maana hubaki ile ile. Mimi sikubali. Ushahidi wangu ni albamu ya metali progresivu, muziki wa gitaa nzito na masimulizi marefu: Operation: Mindcrime ya Queensrÿche, bendi ya Marekani, iliyotoka mwaka 1988.

Msimulizi ni Nikki, kijana mraibu ambaye Dr. X humtumia kuua watu. Geoff Tate ndiye anayeimba sauti yake. Mary, kahaba wa zamani aliyefanywa mtawa, tungeweza kumjua kwa maneno ya Nikki tu. Lakini katika "Suite Sister Mary", wimbo unaozidi dakika 10, Nikki ametumwa kumwua, na Mary anamjibu kwa sauti ya mwimbaji mwalikwa, Pamela Moore.

Baadaye Mary anakutwa amekufa. Nikki anasema naye, hajibiwi. Kimya kile kinauma kwa sababu sauti yake tulikwisha kuisikia; tungesimuliwa tu, tungehesabu maiti moja zaidi.

Basi wenzangu, tunapokwenda kukusanya masimulizi ya bibi zetu, tusiridhike na "alisema kwamba". Tumwachie bibi "mimi" yake.