Saa Mbili Usiku, Ngamiani

Mchana redio ya babu haikuwa na neno. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, miaka ya 1980, Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika vizuri kwenye masafa ya kati, na ukisogeza mshale unaipata Mombasa nayo safi. Wazee walisema ni baraka ya kukaa pwani, na walipatia: wimbi la redio linalotambaa juu ya uso wa dunia hufika mbali zaidi likipita juu ya maji ya chumvi kuliko nchi kavu.

Shida ilianza baada ya magharibi. Msomaji anataja jina la waziri, anadidimia, anaibuka yuko kwenye bei ya mkonge. Mara sauti inapinda kama ya mtu anayesemea mtungini. Ikifika taarifa ya habari ya saa mbili, nyuma ya Kiswahili kuna Kihindi, na Kiarabu hakiko mbali.

Lawama zote zilibebwa na betri. Tulizianika juani kutwa nzima, usiku mambo yale yale. Mpaka kijana mmoja wa mtaani, mwanafunzi wa ufundi, alipoketi barazani.

“Babu, betri hazina kosa. Kosa liko juu.”

“Juu wapi? Usimsingizie Mungu.”

Akaeleza. Mchana, jua huichaji hewa iliyo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, na tabaka hilo huyameza mawimbi ya masafa ya kati yanayopanda. Linabaki lile linalotambaa chini. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi, nazo huyarudisha ardhini mbali sana. Basi Dar ikawa inatufikia kwa njia mbili, chini na juu. Mawimbi yakipatana sauti inapanda, yakipingana yanauana. Na stesheni za India na Ghuba, ambazo mchana hazifiki, nazo zinashuka palepale.

Kupanda na kushuka huko ndiko walikokupima Edward Appleton na Miles Barnett huko Uingereza mwaka 1924, wakathibitisha kuwa angani kuna tabaka linalorudisha mawimbi.

Babu hakuwahi kulisikia jina la Appleton, lakini dawa alikuwa nayo. Aliizungusha redio taratibu mpaka Mhindi akafifia, akapiga alama ya chaki mezani, na ole wake atakayeigusa. Ndani ya redio mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya wa shaba, nacho husikia kwa shida upande zinakoelekea ncha zake. Alama ya babu ilizielekeza kaskazini mashariki, India kwenyewe, huku Dar ikibaki ubavuni, kusini.

Kuna usiku chaki haikufua dafu. Hapo babu alisalimu amri, akasema habari atazisikia kesho mchana, na bibi, mpenzi wa nyimbo za filamu za Kihindi, akaigeuza redio upande anaoutaka yeye.