Vitabu vya Mafanikio: Barua ya Shangazi kutoka Ikungi

Ikungi, Singida

Mwanangu mpendwa,

Baba yako hajambo, bibi yako anaendelea vizuri na magoti yake yale yale, na alizeti imeanza kuinamisha vichwa. Ujumbe wako umefika. Shangazi ameisoma orodha ya vitabu unavyotaka kuvinunua huko Dodoma, na ameliona pia ombi la ada ya semina ya siku mbili ambayo, kwa mujibu wa tangazo lenyewe, itabadilisha fikra zako na mfuko wako. Hela ya vitabu itatumwa. Ya semina, hapana. Sababu ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaa kitako.

Shangazi si mgeni wa vitabu hivyo. Enzi za ualimu wake vilipita mkono kwa mkono ofisini, vingi vikiwa nakala za fotokopi zisizo na jalada. Siku hizi vinaingia kwenye simu bila hata kuombwa. Maoni yake ni kwamba vina mengi ya kweli, ila ukweli huo haukukaa pale unapotangazwa. Anayeutaka aanze kwa kuuliza aliyeandika alikuwa nani, aliishi vipi, na nani walimshika mkono.

Mfano ni Samuel Smiles, Mskoti aliyesomea udaktari, akawa mhariri wa gazeti mjini Leeds, kisha katibu wa kampuni ya reli. Kitabu chake Self-Help kilitoka mwaka 1859. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 20,000, na alipofariki mwaka 1904 zilikuwa zimefika robo milioni. Wajapani walikuwa nacho kwa lugha yao tangu 1871. Jina lake linamwambia mtu ajisaidie mwenyewe, lakini tazama kilivyoanza. Vijana wawili watatu wa Leeds, watu wa hali ya chini kabisa, waliamua kukutana jioni za baridi kufundishana: anayejua hesabu anamwonyesha asiyejua, anayejua kusoma vivyo hivyo. Idadi ilipokua wakapanga chumba kibovu kilichowahi kuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu, ndipo wakamwalika Smiles azungumze nao. Mihadhara ile ndiyo iliyozaa kitabu. Basi hata kitabu kinachomsifu mtu anayejitegemea kilitoka kwenye kikundi, na vijana wale walishajipanga kabla mzungumzaji hajaalikwa.

Mwaka mmoja kabla yake, 1858, huku kwetu pwani, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alikuwa mgonjwa na alimwandikia binti yake utenzi wa nasaha. Shangazi hakubaliani na kila alichoagiza kuhusu waume, na hilo tutaliongea siku nyingine. Ila yule mama aliweka kando habari za utajiri, akajishughulisha na ulimi, adabu na namna ya kuishi na watu. Ukimlinganisha na Wazungu utakaowasoma, utaona aliyemkaribia zaidi ni Dale Carnegie, tutakayemfikia mwishoni, ambaye kitabu chake kilichelewa kwa miaka 78.

Baada ya Smiles, katika vitabu hivi kazi za mikono zikarudi nyuma na fikra ikakaa kiti cha mbele. James Allen, Mwingereza wa Leicester, alitoa kijitabu chake As a Man Thinketh mwaka 1903, akifundisha kwamba hali ya mtu huchipuka kutoka katika mawazo yake. Baba yake mzazi alikwenda Marekani kutafuta kazi, akafia huko kabla hajaiita familia, na kijana akaacha shule akiwa na miaka 15 ili akafanye kazi. Shangazi hulisoma somo lile kwa heshima, maana limeandikwa na mtu aliyeonja shida. Bado anauliza: mzee yule aliyevuka bahari kutafutia watoto riziki alikuwa na wazo gani baya? Mwaka 1910 akaja Wallace Wattles wa Marekani na kitabu cha sayansi ya kutajirika, naye akafariki mwaka uliofuata. Rhonda Byrne amesema mwenyewe kwamba kitabu hicho ndicho kilichomwasha hadi akatengeneza The Secret mwaka 2006, ile filamu na kitabu ambacho mwenzako wa bweni amekusifia.

Sasa huyo Napoleon Hill uliyemweka juu kabisa ya orodha. Think and Grow Rich kilitoka mwaka 1937, Marekani ikiwa ndani ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana ajira na wanatafuta neno la kushika. Hill alisimulia kwamba mwaka 1908 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alimkabidhi kazi ya miaka mingi ya kuwahoji matajiri na kuandika siri yao. Carnegie alifariki mwaka 1919. David Nasaw, aliyeandika historia ndefu ya maisha ya Carnegie, hakupata ushahidi kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Na kisa hicho ndicho msingi wa nyumba nzima. Kuna sura nzuri mle ndani, kwa mfano ile ya kukusanya watu wachache wenye akili wakushauri, na hiyo isome. Lakini mtu anayekuambia siri ya tajiri lazima kwanza athibitishe kwamba alikaa naye.

Kuhusu nguvu ya mawazo yenyewe, yuko mwanasaikolojia Mjerumani, Gabriele Oettingen, aliyeipima badala ya kuihubiri. Yeye na mwenzake walifuatilia wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wanatafuta kazi, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Wale waliokuwa wakijipigia picha tamu kichwani mara kwa mara, wako ofisini, mshahara mzuri, walikuja kutuma maombi machache zaidi, wakapata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Waliofanya vizuri ni wale waliotarajia kufanikiwa kwa sababu walishawahi kufanya jambo likawezekana. Hapo pana tofauti kubwa ambayo watu wa semina huipita mbio. Imani iliyotokana na kazi uliyokwisha kuifanya inakusukuma. Picha tamu peke yake inakulaza, kwani kichwa kimekwisha kula karamu ambayo tumbo halijaiona. Ushauri wa Oettingen ni kwamba ukitaka kitu, taja papo hapo kizuizi kitakachokukwamisha na utakachofanya kikitokea. Mkulima yeyote wa Ikungi anafanya hivyo kila Novemba: mvua ikichelewa mtama unaingia shamba lipi, na mbegu ya kurudia inatoka wapi.

Na huku ndiko vitabu vile vinakonyamaza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na haziulizi mtu anawaza nini. Bei nayo haiulizi. Unakumbuka msimu wa 2023, bei ya alizeti ilipoporomoka Singida na Dodoma. Wakulima na wabunge wao walinyoosha kidole kwenye mafuta ya kula kutoka nje, yaliyoingia kwa nafuu ya ushuru. Magunia yalikaa ndani, wenye mashine wakawa wanakamua kwa kusuasua, hata mashudu ya kulishia ng'ombe yakaadimika kwa kuwa mbegu haikuingia mashineni. Fikra za watu wa Ihanja na Sepuka hazikubadilika kati ya msimu mmoja na mwingine. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika kilikuwa soko. Kijana aliyesoma Hill bila kusoma ukurasa wa biashara wa gazeti angejilaumu bure kwamba hakutamani vya kutosha.

Bahati nayo ina mahali pake. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Habari zake zilifika kila kijiwe hapa wilayani, na vijana wengi waliokuwa wakihangaika kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Mang'onyi wakaapa kwamba zamu yao inakuja. Laizer alichimba miaka mingi na anastahili kila senti. Waliochimba miaka ile ile shimo la jirani wakatoka na vumbi hawaalikwi popote kuhutubia, kwa hiyo siri zao za kushindwa hatuzijui, na pengine ni zile zile za mshindi.

Ukitaka kitabu cha nyumbani, soma cha Reginald Mengi, I Can, I Must, I Will, kilichotoka mwaka 2018, mwaka mmoja kabla hajafariki. Jina la jalada ni la nguvu ya nia tupu. Ndani yake Shangazi aliona kitu kingine: mtoto wa Machame aliyekulia katika umaskini, akasomea uhasibu Uskoti, akarudi kufanya kazi na baadaye kuongoza kampuni ya Coopers and Lybrand hapa nchini. Miaka ya 1980 bidhaa zilipoadimika, hata kalamu ya wino ilikuwa ya kutafuta. Akaagiza vipuri vya kalamu, akawa anaziunganisha nyumbani kwake. Huyo hakuanza na ndoto. Alianza na upungufu alioushika mkononi mwenyewe, na alikuwa amekaa miaka akikagua hesabu za wengine, akijua faida inavyopotea.

Mkimbiaji Eliud Kipchoge pia ni msomaji wa vitabu hivi na husema kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Watu walichapisha maneno yake kwenye fulana. Wachache walihesabu waliokuwa naye barabarani: viongoza kasi 41 wakipokezana, gari linalopiga mistari ya mwanga kwenye lami kuonyesha mwendo, na nyuma ya yote kocha Patrick Sang na kambi ya Kaptagat ambako bingwa wa dunia naye ana zamu ya kusafisha choo. Kwa sababu ya viongoza kasi hao muda ule haukuingia kwenye rekodi rasmi. Na mwaka 2012 aliachwa kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki, ndipo akageukia marathoni. Tangu 2003 anaandika daftarini kila zoezi alilofanya. Daftari hilo ndilo Shangazi angependa uliige, fulana waachie wengine.

Kuna hatari moja ambayo Shangazi ameiona kwa macho na hataizungusha. Lugha ya fikra na imani ikikutana na fedha ya watu, hapo ndipo matapeli huweka meza. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, iliyokuwa ikiwaambia watu wapande mbegu, maana yake watoe fedha, kisha wasubiri kuvuna mara kadhaa. Wazee waliokuwa wakibishana dukani juu ya shilingi hamsini walitoa akiba yote, kwa kuwa kuhoji kulionekana ni upungufu wa imani. Ukisikia mtu anakuambia mashaka yako ndiyo yanayokuzuia kutajirika, na papo hapo anakuonyesha namba ya kulipia, ondoka.

Basi usome nini? Anza na George Clason, The Richest Man in Babylon, cha mwaka 1926. Zilikuwa hadithi fupi za kusambazwa na mabenki na kampuni za bima, kwa hiyo ujue nani alinufaika ukiweka akiba. Hata hivyo agizo lake ni zuri: sehemu ya kumi ya kila unachopata ikae kando kabla hujalipa mwingine. Kwenye kikundi chetu cha VICOBA, ambacho Shangazi ni mtunza fedha wake, mambo ni hayo hayo bila Babeli. Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Mwanachama anaitwa kwa namba, ananunua hisa mbele ya wote, mhuri unapigwa kwenye kitabu chake, aliyechelewa analipa faini kabla hajakaa. Mbegu ya mfumo huu ilipandwa Niger na shirika la CARE mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini. Hakuna aliyewaambia wawaze milioni. Waliwekewa siku, sanduku na macho ya majirani, na hivyo vitatu vinamsaidia hata mtu mwenye moyo dhaifu.

Kisha soma Dale Carnegie, How to Win Friends and Influence People, cha 1936. Huyu hana ukoo na yule tajiri wa chuma. Ni mtoto wa mkulima maskini wa Missouri aliyebadilisha herufi za jina lake zifanane na za mkubwa, ujanja ambao msomaji amsamehe. Kuanzia 1912 alifundisha watu wazima kuzungumza mbele ya watu huko New York, akiwatuma wajaribu somo kazini na kurudi kueleza lilivyokwenda. Ndiyo maana kitabu chake kina nyama: ita watu kwa majina yao, sikiliza zaidi kuliko unavyosema, ukikosa kiri upesi. Kwa kijana anayetaka kuuza mafuta ya alizeti kwa wenye maduka wa Dodoma, sura moja ya humo inafaa kuliko semina nzima.

Hela itaingia kwenye simu yako mnada ukipita. Nunua hivyo viwili na cha Mengi kikipatikana, cha Hill kiazime kwa mwenzako. Ukimaliza kila sura, mwandikie Shangazi umeijaribu kwa nani, siku gani, na huyo mtu alikujibu nini.

Wako akupendaye,
Shangazi