Likizo Unguja na watoto: uliza maji kabla ya bei ya chumba

Wazazi wengi wanapotafuta hoteli ya kupeleka watoto Unguja huanza na bei, kisha picha za bwawa, kisha kifungua kinywa. Swali linalosahaulika ni hili: mbele ya hoteli hiyo, bahari huwa wapi saa nne asubuhi?

Swali hilo huonekana la mzaha mpaka familia ifike Paje, Bwejuu au Jambiani, pwani ya mashariki. Mchanga ni mweupe kama unga na minazi imejaa, lakini maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana, kuelekea mwambani. Mtoto aliyeamka na nguo ya kuogelea hukuta uwanja wa mchanga na madimbwi.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Wavuvi huzijua kwa kuhesabu mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Siku hizo hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayaendi mbali, na asubuhi ndiyo saa ya kuogelea.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, mambo ni tofauti. Huko ufuo hushuka haraka, hivyo watoto huweza kuoga karibu saa zote. Ndiyo maana familia yenye siku mbili tu hufaidika zaidi huko. Lakini kina huja upesi, boti ni nyingi, na baadhi ya hoteli hupiga muziki hadi usiku. Mtoto mdogo asiachwe mbali na mkono wa mtu mzima.

Mashariki nako, maji yakipwa, kuna shule ya bure. Kwenye madimbwi kuna kaa, samaki wadogo na viti vya pweza. Wanawake wa vijijini huenda kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa kwa vijiti. Ni kazi ya mgongo kuinama na jua kuwaka. Watoto wafundishwe kusalimia, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kutokanyaga kamba.

Matembezi hayo yana masharti mawili. La kwanza ni viatu vinavyokaa mguuni, kwa sababu ya miamba na viumbe wenye miiba mirefu. La pili ndilo zito: kujua saa ya maji kugeuka. Maji yanaporudi hujaza kwanza sehemu za chini, hata zile zilizo kati ya fungu la mchanga na ufuo. Mtoto anayecheza juu ya fungu anaweza kugeuka akakuta maji yamempita nyuma. Familia ianze kurudi mara bahari inapogeuka, si inapofika miguuni.

Nje ya ufuo wa hoteli ni vijiji vya watu. Kanga au shati juu ya nguo ya kuogelea hutosha kuonyesha heshima.

Kwa mzazi anayehesabu shilingi, mwezi husaidia pia. Chumba cha bei nafuu Jambiani wakati wa maji mafu humpa mtoto asubuhi nzima baharini. Wakati wa bamvua, asubuhi iwe ya madimbwi na alasiri ya kuogelea. Kabla ya kulipa, mzazi apige simu hotelini aulize: tarehe hizo, maji yanajaa saa ngapi?