Bastola Mbili

Katika utumishi wangu wa polisi, Mbinga mjini na kule Mbamba Bay ufukoni mwa Ziwa Nyasa, nilibeba bastola za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya silinda, yenye matundu 6. Ukiifungua waziona risasi zote. Hakuna cha kukisia. Ya pili ilikuwa ya magazini, risasi 8. Hiyo ina siri: magazini ikishatoka, risasi moja yaweza kubaki ndani ya chemba. Aliyezoea ile ya kwanza hudhani ni tupu, naye mwenzake yuko mbele ya mtutu. Kwa hiyo kila tulipokabidhiana zamu niliwasisitizia vijana: toa magazini, vuta nyuma, tazama chemba, gusa kwa kidole. Ndugu msomaji, silaha hubadilishwa kwa sahihi moja daftarini. Mkono haubadilishwi hivyo.