Nilivyonusurika Kuipoteza Sauti ya Baba

Ndugu wasomaji, leo naleta kisa changu mwenyewe, nacho si cha kunipa sifa. Nakileta kwa kuwa nyumba nyingi sasa zina kompyuta mezani, na lililonipata mimi laweza kumpata yeyote.

Katika kompyuta yetu mke wangu huandika hesabu za duka lake, na watoto huweka kazi zao za shule. Lakini mali kubwa iliyokuwamo ni sauti ya marehemu baba yangu. Mwaka 2019, miezi michache kabla hajafariki, nilikaa naye chini ya mwembe nikamrekodi akieleza ukoo wetu ulikotoka, nani alimzaa nani, na mpaka wa shamba ni mti upi na jiwe lipi. Rekodi hiyo ilikuwa moja tu, haina pacha.

Basi, Windows 10 tuliyokuwa tukiitumia ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Jumamosi moja nikaamua kuhamia Windows 11. Mtoto wangu mkubwa akaniuliza, "Baba, umeshatoa nakala?" Nikamjibu, "Hilo tutalifanya baadaye."

Kazi ikaanza vizuri. Ilipofika asilimia 61 ikasimama. Nikangoja nusu saa, namba haikusogea. Uvumilivu ukanishinda, nikabana kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi. Kosa lilikuwa langu, si la mwingine. Mfumo unaobadilishwa ni kama nyumba inayoezekwa upya: mabati ya zamani yameng'olewa, na mapya hayajapigiliwa misumari. Ukimfukuza fundi saa hiyo, utalala nje.

Nilipoiwasha tena, ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Mwisho ikaleta ukurasa wa buluu wenye machaguo, na mojawapo lilikuwa kuanza upya kwa kuondoa kila kitu. Kwa aibu na hasira, kidole changu kilikuwa tayari. Mke wangu akanishika mkono. "Baba Neema," akasema, "hapo pameandikwa kila kitu. Na sauti ya mzee je?" Nikaketi. Usiku ule sikupata usingizi.

Kesho yake akaja kijana wa jirani ambaye hutengeneza kompyuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu."

Akatazama, akasema, "Mzee, paa ndilo lililoharibika. Vyombo vya ndani huenda ni vizima. Tutoe vyombo kwanza, paa tutalitengeneza baadaye."

Akatoa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta utolewao bure tangu mwaka 2004, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina maana ya utu. Akaiwasha mashine kutoka katika flashi ile, akachagua kuujaribu mfumo bila kuusakinisha, ili asiandike chochote juu ya diski yetu. Akaniuliza kama diski ilifungwa kwa BitLocker, maana hapo tungehitaji ufunguo wa tarakimu 48. Yetu haikufungwa.

Punde si punde nikaona mafaili yetu yote yamejipanga kama nilivyoyaacha. Akayanakili katika diski ya nje, kisha akafungua rekodi ile kwenye kompyuta yake mwenyewe tuhakikishe. Baba akakohoa kama alivyozoea, akasema, "Unanisikia?" Mke wangu akageuka akafuta machozi. Mimi nilishindwa kusema neno.

Hapo ndipo tulipoirudia mashine. Kijana alijaribu kuirudisha Windows ya zamani, ikakataa. Basi akafuta diski na kuuweka mfumo mpya tangu mwanzo, kazi ya alasiri nzima. Printa ililazimu kuunganishwa tena, na programu ya hesabu kuwekwa upya. Hayo yote hayakunisumbua moyo.

Sasa rekodi ya baba ipo mahali patatu: katika kompyuta, katika diski iliyomo kabatini, na kwa dada yangu kijijini. Maana nakala iliyolala nyumba moja na mashine yenyewe, mwizi akija ataondoka na vyote viwili. Na kila nakala tuliifungua na kuisikiliza, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Ndugu msomaji, kazi ya namna hii ikisimama, ipe muda mrefu kuliko moyo wako unavyotaka. Ikiharibika, usikubali kufuta chochote mpaka vyombo vimetolewa. Na kabla hujaanza, jiulize: humu ndani kuna kitu gani kisichonunulika dukani? Kitolee nakala leo, wala usijibu kama nilivyomjibu mwanangu.