Wawindaji wa Picha katika Nchi ya Tseikuru

Msafiri aondokaye Mwingi na kuelekea kaskazini hupita Kyuso, kisha huendelea hata akafika Tseikuru, nchi ya joto na vumbi katika Kaunti ya Kitui. Mibuyu mikubwa imesimama huku na huku, na mito mingi ni mchanga mtupu isipokuwa wakati wa mvua. Atakaye maji hana budi kuchimba. Mbele zaidi hupita Mto Tana, usiokauka. Kando yake imo Hifadhi ya Wanyama ya Mwingi, nayo imepakana na Kora, mahali alipokaa Bwana George Adamson na simba wake tangu mwaka 1970 hata alipouawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989.

Simba hao ndio waliowavuta wapiga picha wa ng'ambo. Mwaka 1971 ilitolewa sinema ya simba Christian, aliyenunuliwa dukani London akaletwa Kora ajifunze kuishi porini. Wengi walioitazama hawakupata kusikia jina la Tseikuru. Lakini nyika waliyoiona, yenye miiba na majabali, ni ndugu wa nyika hii ambayo watoto wa Tseikuru huchungia mbuzi. Basi yafaa kuuliza: wapiga picha hao wana ujuzi gani, na mwenyeji aweza kujifunza nini kwao?

Awatazamaye kazini huona kwanza jambo la ajabu: sehemu kubwa ya siku hawapigi picha. Tseikuru iko karibu na Ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa utosini. Mwanga ni mkali, na vivuli vyeusi huficha macho ya mnyama. Lakini saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, nuru ni laini, nayo huonyesha manyoya, mikunjo ya ngozi, hata vumbi litimuliwalo na kwato. Kwa hiyo huamka kabla ya mapambazuko, na mchana hukaa kivulini wakifuta kamera na kuandika daftarini waliyoyaona.

Jambo la pili ni upepo. Mpiga picha hodari hudondosha vumbi kidogo aone laelekea wapi, kisha hukaa mahali ambapo upepo watoka kwa mnyama kuja kwake. La tatu, hujishusha hata kamera iwe sawasawa na macho ya mnyama; maana digidigi apigwaye picha na mtu aliyesimama huonekana kama panya. La nne, hutazama kilicho nyuma ya mnyama kabla ya kumtazama mnyama mwenyewe, lisije tawi likaonekana kama pembe iliyoota kichwani mwa ngiri.

Mambo haya si mapya. Mjerumani C. G. Schillings, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1905, alitega kamera usiku penye maji na chambo, mnyama akijipiga picha mwenyewe kwa kugusa uzi. Wamarekani Martin Johnson na mkewe Osa walikaa Marsabit tangu mwaka 1924 hata 1927, wakijificha karibu na maji na kungoja ndovu. Lakini aliyewaongoza kwa ndovu hao alikuwa mfuata nyayo aitwaye Boculy. Kamera ilikuwa ya Wamarekani. Ujuzi wa mahali pa kuiweka ulikuwa wa Boculy.

Hapo ndipo penye neno kwa watu wa Tseikuru. Wakamba walikuwa mashuhuri kwa uwindaji wa upinde na mishale ya sumu. Tangu Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ujuzi ule hauna kazi halali, na wazee wenye kuujua wanapungua. Kusoma nyayo, kujua saa ambayo tandala hushuka majini, na kuketi kimya bila kukohoa ni mambo ambayo mgeni huyatafuta kwa miaka mingi. Kijana mwenye simu yenye kamera, akifuatana na babu yake, amekwisha pata nusu ya kazi. Lakini simu haimleti simba karibu, wala mtu asithubutu kumsogelea. Aanze na ndege, mibuyu, na punda kisimani.

Liko somo jingine, nalo lahusu watu. Wakati wa ukame, picha zipigwazo ni za mbuzi waliokonda na akina mama wenye mitungi. Picha hizo si uongo, tena zaweza kuleta msaada: picha za sinema alizopiga Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, huko Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima. Lakini mvua za Novemba huja pia, mtama ukatoa masuke na nyuki wakajaza mizinga. Nchi ipigwayo picha wakati wa njaa tu hudhaniwa kuwa ni njaa tu. Mwenyeji ndiye awezaye kupiga picha za miezi yote kumi na miwili, naye ajua adabu ya kumsalimu mama na kumwomba ruhusa kabla ya kuinua kamera.

Basi kijana atakaye kujifunza na achague kisima kimoja, akae hapo asubuhi nyingi, na chini ya kila picha aandike siku, mahali, na jina la mnyama kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Awaonyeshe wazee wamsahihishe wangali hai. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kumbukumbu ya Tseikuru ambayo mgeni wa siku tatu hawezi kuipata, hata kamera yake ikiwa bora namna gani.